Dirisha la Dona Deolinda

Boulevard Saint-Laurent, Montreal
Jumapili, 8 Novemba 1998

Kaka yangu mpendwa Hélder,

Pokea salamu zangu, na za Mama pia, ingawa hajui kwamba ninakuandikia. Natumaini hujambo, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukiushika wakati wa mazishi umepata nafuu. Huku tu wazima. Mama ana kile kikohozi chake cha kila mwaka, kinachokuja majani yakiisha mitini na kuondoka kinapotaka chenyewe. Baba yupo. Anakwenda kazini, anarudi, anakula, anakaa. Habari zake nitazifikia.

Utashangaa kuona barua. Ningeweza kupiga simu, lakini unanijua. Nikishika simu sauti inanikauka, na wewe ukisema, "Haya, Natércia, sema basi," ndiyo kwanza nasahau hata jina langu. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyomwambia Baba mlangoni mwa kanisa mwezi wa tisa, siku tuliyomzika Dona Deolinda, mama yako wa ubatizo. Ulisema mbele ya watu wote kwamba Baba aliiuza nyumba ya yule mama ili apate kazi ya kutandika vigae. Ukasema hukanyagi tena kwetu, Krismasi wala Pasaka, mpaka akueleze kwa nini alinyamaza. Naye akanyamaza tena, ukapanda basi la Toronto bila kumpa mkono. Mama ameanza kupanga sahani za Krismasi. Anaitoa yako kabatini, anaifuta, anairudisha. Kwa hiyo tafadhali nisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Kwanza habari za mtaa, maana ulikuwa ukiniuliza kila mara. Lile duka la samaki wa chumvi la Senhor Amâncio sasa ni baa. Mlangoni wamefunga kamba ya mahameli nyekundu, na jitu la miraba minne linaamua nani aingie na nani abaki nje. Jioni za Ijumaa wasichana wanapanga foleni na vigauni vyepesi kama leso, huku baridi inakata masikio, na Dona Eufémia wa ghorofa ya chini anawapigia kelele dirishani, "We mwanangu, koti umemwachia nani?" Hawamwelewi, wanampungia mkono. Kuku wetu wa mkaa bado wapo, ila siku hizi wanaletwa kwenye sahani ya mraba na jani moja juu yake, kama kaburi la mtoto. Magazeti yanasema hakuna mtaa wa kupendeza kama huu mjini. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha ngazi zetu za chuma, zile zile tulizokuwa tukiteleza tukivunja meno.

Dona Deolinda mambo hayo yalimchekesha kweli. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia jikoni kwake, sisi tunakunywa supu ya sukuma na kumwagiana? Alifika mwaka sitini na sita kutoka kisiwa cha São Miguel, na siku ya tatu tu wakampeleka kwenye kiwanda cha makoti, ghorofa ya nne ya lile jengo la matofali linalotazamana na dirisha lake. Mwenye kiwanda Myahudi, msimamizi Mgiriki, wakata vitambaa Waitaliano, washonaji wanawake wa visiwani kwetu, na wote wakielewana kwa vidole na matusi. Chini barabarani mapipa ya samaki na vizimba vya kuku hai. Mashariki ya mtaa Kifaransa, magharibi Kiingereza, na namba za nyumba zinaanza kuhesabiwa kwetu, huku na huku. "Sisi ndio sifuri," alikuwa akisema. "Mji mzima unahesabiwa kuanzia mlangoni kwangu, na mimi hakuna anayenihesabu!" Kisha anacheka mpaka anakohoa.

Baadaye viwanda vikafungwa, kimoja kimoja. Mashine zilishushwa kwa kamba kupitia madirishani. Alisimama akaitazama ya kwake ikishuka, na alisema ilizunguka hewani taratibu kama mtu aliyenyongwa. Zile ghorofa zikakaliwa na njiwa, kisha wachoraji, kisha mawakili wenye miwani ya bei. Chini ya kiwanda chake wakafungua duka la nguo lenye magauni matatu tu chumba kizima. "Matatu!" alisema. "Sisi kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeshona mia tatu." Siku moja akavuka barabara kwenda kuyaona, mimi mkalimani. Akageuza pindo la gauni moja, akaniambia, "Mwambie huyo binti uzi huu hautafika Pasaka." Mimi nikamwambia muuzaji kwamba mama amelipenda sana gauni lake.

Kumbuka gauni hilo unaposoma yanayofuata.

Tangu ulipoondoka mimi ndiye msomaji wa barua wa ngazi nzima. Siku za kazi shule ya Kifaransa, Jumamosi shule ya Kireno, basi wazee wakaona kichwa changu ni posta. Wananiletea bahasha za kahawia, nawasomea, wananipa biskuti. Na unaijua desturi yetu ya karatasi ya nyumba. Kila majira ya baridi mwenye nyumba anaandika kwamba kodi inapanda kidogo, na hakuna anayejibu. Ukinyamaza umekubali, mkataba unaendelea wenyewe, na Julai mosi, siku ya kuhama, wakati nusu ya mji inashusha friji ngazini, wewe unakunywa kahawa dirishani na kuwacheka. Dona Eufémia anasema, "Kujibu kwa nini? Kuwakumbusha kwamba upo?" Dona Deolinda alikuwa na karatasi za miaka thelathini chini ya picha ya Santo Cristo. Hakuwahi kujibu hata moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu walikuja wanaume wawili na futi ya kupimia. Dona Deolinda akadhani wamekuja kutengeneza madirisha, akawapikia kahawa. Mimi nilikuwepo. Mmoja wao akaniuliza kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayeona aibu, "Anajua lakini kwamba anatoka mwezi wa sita?" Kesho yake Baba hakwenda kazini, akampeleka kwenye baraza la nyumba. Huko wakawaambia jengo limenunuliwa na kampuni fulani, haina hata jina, ina namba tu. Kwamba nyumba yake itaunganishwa na duka. Kwamba alipewa taarifa Desemba kwa barua ya rejista, akapewa mwezi mmoja wa kupinga, na hakusema kitu. Kwa hiyo amekubali kuhama. Baba anasema Dona Deolinda alisimama akapiga meza kwa kiganja. "Lakini nimenyamaza!" alisema. "Mwambieni bwana huyu nimenyamaza! Miaka thelathini nimenyamaza!" Alikuwa anajitetea, kaka. Alidhani hiyo ndiyo hoja yake.

Ni kweli Baba alikuwa anatandika vigae kwenye jengo lile lile, chini, tangu vuli. Aliyekueleza hilo hakudanganya. Lakini Baba alimjua fundi mkuu tu aliyempa kazi. Hakujua kampuni ile inataka nini juu.

Julai mosi tulimhamishia Saint-Léonard, kwenye chumba ambacho nusu yake imezikwa ardhini. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake, refu na jembamba, na kilichoonekana ni miguu ya wapita njia. Siku ya kwanza alilitazama, akasema, "Viatu tu. Na vyenyewe vibaya." Tulicheka wote. Baada ya hapo sikumsikia akitania tena. Aliacha kupika. Mama alikuwa akimpelekea supu, na wiki inayofuata anaikuta vile vile, imefanya utando.

Tulikuambia alianguka. Hatukukuambia kwamba Mama alimkuta chini ya dirisha, na kiti kimepinduka kando yake. Alikuwa amepanda juu ya kiti. Alitaka kuona nyuso.

Sasa nisikilize, kaka.

Barua ile ya Desemba niliisoma mimi. Ilikuja tarehe tisa. Dona Deolinda aliisainia kwa tarishi, na mimi nilipotoka shule nikawakuta yeye na Dona Eufémia wanakanda unga wa mkate mtamu wa Krismasi, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, na mkate wa kwanza umeshaiva mezani. Akanionyesha bahasha kwa kidevu. "Haya binti, tusomee. Mwaka huu wanatuibia kiasi gani?" Nikasoma kimya, mara mbili. Nilielewa kila neno. Usije ukanitetea kwa kusema mtoto hakuelewa, nina miaka kumi na mitano na kwa Kifaransa mimi ni wa pili darasani. Nilielewa kwamba safari hii kunyamaza ni kutoka.

Nikamwambia, "Dola kumi na mbili, Dona Deolinda."

Akasema, "Wezi hao! Weka chini ya Santo Cristo." Nikaiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikaendelea kula mkate wake.

Unataka kujua kwa nini. Nami nimejiuliza kila siku. Mwaka juzi alikuwa na kesi ya nyumba kukosa joto kwenye baraza la nyumba lile lile, nami ndiye niliyemsemea. Ulimi ulinifunga. Mzee aliyeketi mbele akaniambia nirudie, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyuma yangu watu wakacheka, nikaenda kulia kwenye korido. Dona Deolinda alinifuta uso kwa leso yake na kusema joto si kitu, atavaa soksi mbili. Niliposoma barua ile sikumwona yeye yuko barabarani na masanduku. Nilijiona mimi, nimesimama tena kwenye chumba kile. Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kuponyoka siku hiyo tu, nikajiambia jioni nitamwambia Baba. Jioni nikasema kesho.

Mwezi ulimalizika tarehe tisa Januari, ile Ijumaa ya barafu, miti inapasuka na umeme hakuna. Dona Deolinda alikuwa kwetu tangu juzi yake, amekuja na blanketi na Santo Cristo chini ya kwapa. Karatasi zote alikuwa ameziacha kwake juu ya kabati. Mchana kutwa tulikaa jikoni na makoti mwilini, tumezunguka jiko la gesi. Alikiona kifungo cha mkono wangu kinaning'inia, akakishona nikiwa nimevaa, kichwa chake hapa kifuani kwangu. "Mbona umepoa hivi?" akaniuliza. "Kuna mvulana?" Nikacheka. Bado saa tatu nzima ofisi zifungwe. Nikajiambia kwa barafu hii hata hazikufunguliwa, siku hizi hazihesabiwi. Akakata uzi kwa meno, akanipiga begani, akasema, "Haya, umekwisha."

Kuna jingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hata waliposikia barazani habari za barua ya rejista, wazee hawakuihusisha na ile ya dola kumi na mbili. Siku ya kuhama Baba alizichukua zile karatasi juu ya kabati. Ya juu kabisa ilikuwa ile. Unajua Kifaransa chake ni cha saruji na mchanga, lakini aliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye tarehe. Hakumuuliza mtu. Nani mwingine anasoma barua katika ngazi ile? Akaninyanyulia macho. Nilikuwa nimebeba taa ya mezani. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Shika taa vizuri, ngazi ina kona." Basi. Tangu siku hiyo mpaka leo hajaniambia neno juu yake.

Na ulipompigia kelele pale kanisani, hakukutazama wewe. Wewe ulidhani ni aibu. Alinitazama mimi, nimesimama karibu na maua, kisha akafunga mdomo. Alikuacha uondoke nalo hilo jina ulilompa, msaliti, ili mimi nisilibebe.

Wiki iliyopita niliikuta karatasi kwenye sanduku la zana la Baba, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na mwiko wake wa saruji. Nakutumia. Tazama tarehe. Pembeni kuna alama ya unga, ni ya kidole changu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kula.

Dirishani kwa Dona Deolinda sasa wameweka sanamu ya kuvalia nguo. Haina kichwa. Imevaa koti la kijivu, zuri sana, na wameisimamisha pale pale alipokuwa akisimama na kikombe chake. Siku ya kwanza Dona Eufémia aliipungia mkono kwa mazoea, kisha akapiga ishara ya msalaba, akaingia ndani na kufunga pazia. Mimi napita chini yake kila asubuhi nikienda shule. Sijui mshono wake ukoje.

Usinijibu mimi, kaka. Mpigie Baba. Kila Jumapili baada ya misa anavuta kiti karibu na simu na kusema anasubiri matokeo ya mpira. Matokeo redio inayatoa saa sita. Yeye anabaki pale mpaka Mama awashe taa.

Nikimaliza kubandika bahasha hii nitakwenda kumwambia kwamba nimekuandikia, na nimekuandikia nini. Kisha Mama, kisha Dona Eufémia. Nitawaambia kwa mdomo. Naogopa hata kuliandika hilo, lakini nitakwenda.

Nisalimie mjomba na watoto wake, na uvae vizuri, Toronto nako nasikia theluji imeanza. Mama angekuombea baraka hapa, mimi sijui kama zangu zinafaa kitu kwa sasa. Nakuomba wewe uniombee.

Ni mimi, mdogo wako,
Natércia