Mwanafunzi Niliyemnyamazisha Ananiomba Nimlee Kazini

Kitui, 27 Agosti 1984

Mama Ndila mpendwa,

Miaka mingi nimesoma ukurasa wako Jumamosi nikinywa chai, na kusema kweli nimecheka shida za wenzangu, lakini leo nimeshika kalamu mimi mwenyewe na sijui hata nianzie wapi, kwa hivyo unisamehe nikienda mbele na kurudi nyuma.

Mimi ni daktari katika hospitali ndogo ya misheni, kwetu ni Makueni upande wa Tawa, nina mke na watoto watatu, na kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Mwezi wa tano chuo kikuu kiliniandikia kwamba kitaniletea wanafunzi watatu wa udaktari wakae nami wiki nane, niwafundishe na niwalee, na ndani ya bahasha hakukuwa na maelezo ya jinsi ya kufanya hivyo, kulikuwa na fomu za alama tu. Nilikubali kwa sababu nilifurahi kukumbukwa. Lakini kufundisha sijawahi kufundishwa, nilichojua ni vile nilivyofundishwa mimi, na mimi nilifundishwa na daktari mkuu mmoja ambaye ukikosea jibu alikutupia faili miguuni mbele ya wagonjwa, na nimeishi nikiamini kwamba hofu ile ndiyo iliyonifanya daktari.

Sasa wodini tulikuwa na Mzee Ndululu, mkulima wa kijiji cha Tulia. Alikuja na homa, jasho jingi, na mgongo uliomuuma hata kuinama hawezi. Nilimtibu malaria, dawa ya kwanza ikashindwa nikampa kwinini, na kwa kuwa mimi hupita wodini asubuhi na homa yake ilikuwa ikipanda jioni, baada ya wiki tatu niliamua kwamba amepona ila hataki kwenda nyumbani kwa sababu ya njaa ya mwaka huu, maana unajua huku mvua imekosa na hospitalini kuna uji na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Hata nilimwambia sista hivyo, mzee akisikia.

Mmoja wa wanafunzi ni msichana, nitamwita Wariara ingawa hilo si jina lake. Ametoka Nyeri na Kikamba hajui hata salamu. Alasiri wenzake wakienda kupumzika, yeye alivuta kiti kando ya kitanda cha Mzee Ndululu na kumwomba Sista Mumbua amtafsirie, na wakazungumza na yule mzee siku baada ya siku, mimi nikipita naona, nikifikiri ni mazungumzo tu ya kupoteza wakati. Halafu asubuhi moja kwenye raundi, mbele ya wodi nzima, aliinua mkono akasema, “Daktari, mzee amenieleza habari za mbuzi wake.”

Nikamjibu, “Sikukuuliza habari za mbuzi. Hii ni wodi ya watu.”

Wagonjwa walicheka, wenzake wawili walicheka, na Mama Ndila, mimi nilifurahi walipocheka. Tangu siku hiyo hakusema neno kwenye raundi.

Mzee nilikuwa nimemwandikia aende nyumbani Ijumaa. Alhamisi wakati wa chakula cha mchana nilifungua faili niweke sahihi, nikakuta karatasi mbili za mwandiko wa Wariara, safi kabisa, kwamba mbuzi wanne wa Mzee Ndululu walitupa mimba mwezi wa tatu, kwamba yeye ndiye aliyewasaidia kwa mikono mitupu, kwamba aliona ni kiangazi tu kinachowasumbua, na kwamba homa yake ilianza wiki chache baadaye. Chini ameandika kwa kalamu ya risasi, “Huenda ni homa ya mifugo?” Nilisoma nimesimama, maana ugonjwa huo mtu huupata akimshika kwa mikono mitupu mnyama aliyetupa mimba. Nilimtoa mzee damu saa ileile, maabara ikathibitisha, nikabadilisha dawa, na ndani ya siku kumi mzee alikuwa akijifunga viatu mwenyewe, ingawa bado yumo wodini akimalizia dawa.

Hapa ndipo pananitesa. Kwenye faili niliandika kwamba ni mimi niliyeshuku ugonjwa huo, na zile karatasi mbili nikazitoa nikazitia mfukoni mwa koti. Wale wavulana wawili walinipongeza. Wariara alikuwa amesimama palepale akisikia.

Sasa zimebaki siku tisa waondoke. Fomu ya chuo ina swali, je, mwanafunzi huchangia kwenye raundi za wodi, na jibu la kweli ni hapana, na akipata alama mbaya hapo anaweza kurudia muhula mzima, na aliyemfunga mdomo ni mimi. Na juzi amekuja ofisini kwangu kusema kwamba chuo kinataka kila mwanafunzi awe na daktari mmoja wa kumwongoza mpaka amalize, na kwamba angependa niwe mimi. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema, “Kwa sababu ulisoma.” Akaaga akaenda.

Nimegeuza neno hilo kila upande. Ananidhihaki? Ananitisha kwamba atasema? Au ni utoto tu? Mke wangu Bilha anasema nilitaka msichana aniogope na sasa nashangaa kwamba haniogopi. Nikikubali kumlea nitamfundisha nini mtu aliyeniona nikikosea na tena nikidanganya, na nikikataa si nitakuwa nimemnyamazisha mara ya pili? Nikisema ukweli, wagonjwa hapa wataniamini tena? Sijui, Mama Ndila, kweli sijui.

Daktari Aliyechanganyikiwa

*

Daktari,

Barua yako niliijibu kwa posta siku ileile niliyoipata, kwa sababu fomu haingoji gazeti. Wasomaji wengine nao wasome nilichokuandikia.

Pole. Ulilelewa kwa kutupiwa faili na hakuna aliyekuonyesha njia nyingine, na chuo kilichokutumia fomu bila neno la mwongozo kina lawama yake. Huruma yangu inaishia hapo.

Mzee wa watu analala na maumivu, nawe unasema amefuata uji, tena akisikia. Mnazungumza lugha moja wewe na yeye, na bado ilibidi msichana wa mbali atafute wa kumtafsiria ndipo mzee aulizwe siku zake huzitumiaje. Kisha ukachukua kazi ya msichana huyo ukaiita yako. Usiniambie umechanganyikiwa kuhusu hilo, Daktari. Hilo unalijua vizuri, ndiyo maana uliandika kurasa nne.

Unauliza maana ya “kwa sababu ulisoma”. Maana yake ni hiyohiyo. Ulikuwa umemdharau, na karatasi zake ulipozikuta hukuzitupa. Ulizisoma ukaenda kwa mgonjwa saa ileile. Msichana huyu ameshapita mikononi mwa walimu wasiosoma, ndiyo maana kitu kidogo hivyo amekiona kikubwa. Lakini usijivune. Ameona upande huo wako, na huo mwingine ameuona pia.

Kabla hawajaondoka fanya raundi moja zaidi. Simama kwa Mzee Ndululu, umwambie kwa Kikamba kwamba ulimkosea, kisha uwaambie wanafunzi ni nani aliyegundua ugonjwa. Usihubiri, dakika tatu zinatosha. Faili uirekebishe, na Sista Mumbua atajwe, maana bila yeye hakuna aliyeelewana na mwenzake. Kwenye fomu andika kwamba mwanafunzi hakuchangia kwa sababu mwalimu wake alimkataza, na kwamba alichoandika ndicho kilichomtibu mgonjwa, kisha utie sahihi. Alama umpe za kazi aliyofanya. Usimwongezee hata moja kwa ajili ya aibu yako, atajua.

Kumlea, kubali. Mwache azungumze kwanza na wewe uwe wa mwisho. Akikosea mwambie mkiwa wawili, akipatia mwambie mbele za watu. Akuandikie kila mwezi kuhusu mgonjwa mmoja, nawe umjibu barua kamili. Na chuo ukiandikie kikuite siku mbili kikufundishe kufundisha. Daktari mzima anaweza kukaa kwenye dawati.

Mama Ndila

*

Wiki sita baadaye Daktari aliniandikia tena, na amekubali nichapishe maneno haya:

“Nilisema, Mama Ndila. Mmoja wa wale wavulana aliangalia sakafu mpaka nikamaliza, na sijui kama ananiheshimu tena. Mzee Ndululu akaniambia, ‘Angekuwa baba yako amelala hapa, ungemuuliza.’ Wariara alikuwa akiandika tu, sikuona uso wake. Fomu nimeituma jinsi ulivyosema, na chuo bado hakijanijibu kuhusu zile siku mbili.

“Jana nimepata barua yake ya kwanza. Ameandika kuhusu mtoto wa miaka sita anayevimba miguu na uso, vipimo vyote ni safi, na ananiuliza mimi ningefanya nini. Nimeisoma mara tatu. Nimemwandikia kwamba sijui, na kwamba Jumatatu naenda Nairobi kuuliza madaktari wa watoto.”