Mzinga Nyuma ya Nyumba

Inyonga

Dada Klementina,

Shikamoo. Simu yangu imepasuka kioo, ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi na kumpa kondakta wa basi akuletee huko Sumbawanga. Sisi tupo. Mvua bado. Mtoto wa Scola ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba.

Mama ananiuliza kila asubuhi kama majibu ya usaili wa ualimu yametoka. Namwambia bado. Yametoka, dada. Sikupita, tena. Sikulia wala nini. Nilikula ugali nikalala. Usimwambie.

Unakumbuka nilipomaliza chuo, Baba alivyogawa mizinga yangu yote kwa baba mdogo Shukuru mbele ya wageni? Alisema mtu wa ofisini hapandi miti kufuata nyuki. Mlipiga vigelegele, na mimi nikacheka.

Wiki hii Baba alikuwa anachonga gogo nyuma ya nyumba. Nilidhani ni mzinga wake. Habari za usaili hajawahi kuniuliza hata siku moja. Jana alinikuta nimekaa tu, akautua ule mzinga mbele yangu, akaweka kisu juu yake.

"Chora alama yako," akasema, "usije ukachanganyika na mizinga yangu huko porini."

Nikachora ileile ya zamani. Mkono haukuwa umesahau.

Msalimie shemeji. Watoto wakiuliza mjomba wao anafundisha shule gani, waambie anafuga nyuki.

Mdogo wako,
Oswaldi