Jalada la Damiano

Amoni, nimetoka bomani Vwawa sasa hivi. Naandika haraka, univumilie mwandiko.

Salamu baadaye. Nimelisoma jalada la Damiano. Ndiyo, Damiano wetu, mgombea wetu wa baraza, niliyezunguka naye Msangano nzima nikiapa kwamba huyu hajawahi kujipendekeza kwa Wazungu! Karani alitangaza kwamba majalada ya zamani yamefunguliwa, mpiga kura yeyote aje asome. Nikaenda kwa kujidai. Nilitaka kuwaziba midomo wanaomsema.

Kumbe ndiye aliyewapelekea Wazungu majina. Ndiye! Mwaka arobaini na tisa, majina ya waliokataa kulima matuta ya serikali. Barua ipo. Watu kumi na mmoja. Wa nne ni baba yangu.

Baba alifungwa miezi sita, Amoni. Damiano akaja kutupa pole, akala ugali wetu, akalia. Akalia!

Nimeisoma mara tatu. Karani akaniuliza, "Vipi ndugu, unamfahamu?" Nikasema simfahamu.

Chini kuna alama ya dole gumba lake, basi. Mwaka ule Damiano hakujua kusoma wala kuandika. Unakumbuka. Barua zake zote alikuwa akiandikiwa na mtu mmoja.

Nimeutazama ule mwandiko mpaka macho yakauma. Ni wako, Amoni.

Miaka tisa umekaa na siri hii. Na juzi ulinisihi nisiende bomani, ukasema ni mbali, nitachoka bure.