Nimeficha Saini za Marubani, na Binti Yangu Anamshuku Rafiki Yake

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana mkono huu umeshona magauni ya maharusi na leo hata uzi kwenye sindano umenishinda.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, lakini kichwa nimekizaa. Binti yangu ndiye anayepanga safari za shirika letu la ndege, lile dogo lenye ndege sita, na nikisema anapanga simaanishi anakata tiketi, namaanisha ndege hairuki mpaka yeye aseme iruke saa ngapi, na hilo kila mteja anayekuja kupimwa kiuno hulisikia kabla sijashika futi. Sasa mwaka mzima shirika linataka kujiunga na umoja wa mashirika makubwa ya dunia, yale yanayopokezana abiria, unakata tiketi moja hapa na begi lako unalikuta mwisho wa safari, na mimi nikautangazia mtaa kwamba anayeuleta umoja huo ni mwanangu.

Nilikuwa na sababu, mshauri. Kaka yake anaishi ng'ambo, na nilipokwenda kumwona mjukuu ndege yetu ilichelewa, ile kubwa ya kunivusha ng'ambo ikaniacha, na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili kila shirika likasema mimi si abiria wake, nikalala kwenye viti vya uwanja siku mbili, na begi lenye nguo zote nilizomshonea mtoto sijaliona hadi leo.

Jumatatu asubuhi binti yangu anaoga, mimi nampigia pasi koti la kazini, nikatoa karatasi mfukoni isiungue. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa, "Tusijiunge." Chini yake saini kumi na tisa za marubani na wakuu wa viwanja vidogo, na ya kwanza kabisa ni ya mwanangu. Nilipozinduka, pasi ilikuwa imeshatoboa shuka la kupigia.

Alipotoka bafuni nikamuuliza kama mtu asiye na habari, "Hivi mwanangu, huo umoja mnaingia lini?"

Akacheka. "Mama, huo ni mzuri kwa wenye ndege mia. Sisi tuna sita. Tukiingia, ratiba yetu itafuata saa za wakubwa, na ile ndege ya asubuhi inayopeleka wagonjwa hospitali ya rufaa ndiyo itafutwa ya kwanza."

"Na mabosi wanasemaje?"

"Mabosi wameshanunua tai za kupigia picha."

Nikaona mwanangu anakwenda kufukuzwa kwa mdomo wake mwenyewe. Basi ile karatasi nikaichomeka kabatini chini ya vitambaa, nikamvisha koti, nikamwambia amependeza. Nilidhani bila karatasi atanyamaza.

Hakunyamaza. Jana amerudi macho mekundu. Marubani wametawanyika vituoni, saini hazipatikani tena kabla ya kikao cha bodi cha Alhamisi, na bosi kamwambia bila saini hayo ni maoni ya mtu mmoja. La kunimaliza ni kwamba koti hulitundika nyuma ya kiti chake ofisini, kwa hiyo anaamini mwizi ni mwenzake wa meza ya jirani, yule aliyekusanya naye saini, ambaye gauni lake la harusi nimelishona mimi. "Nilimfanya dada, mama," aliniambia amelaza kichwa mapajani mwangu, nami nikamsugua mgongo. Ndiyo, mshauri, nilimsugua mgongo.

Nikisema, hataniamini tena. Nisiposema, atasimama mbele ya bodi mikono mitupu. Na kwani kuhusu huo umoja mimi sina haki hata kidogo? Nifanyeje?

Mama wa mpanga safari

*

Mama fundi,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika pale kwenye mgongo, ilibidi nikae.

Pole kwa zile siku mbili kwenye viti, na pole zaidi kwa zile nguo za mjukuu. Lakini karatasi hujaificha, umeiiba, tena ukamwacha mwanao amchukie mtu asiye na kosa. Unasema ulimwogopea kufukuzwa. Nusu yake nakubali. Nusu nyingine uliwaogopa wateja wako.

Haki unayo. Wewe unamtazama abiria aliyeachwa njiani, yeye anamtazama mgonjwa wa asubuhi, na wote ni abiria. Muulize kama shirika lenu haliwezi kupatana na shirika kubwa moja tu, tiketi moja, begi moja, bila kuwakabidhi wakubwa ratiba nzima. Bodi ingepaswa kulisikia hilo kutoka kwa mtu aliyelala kwenye viti. Ila hukulisema. Ulichomeka karatasi kabatini.

Kwa hiyo leo, si kesho, funga duka. Usiirudishe mfukoni kimyakimya ajione msahaulifu. Najua wazo hilo umeshakuwa nalo. Mpe mkononi, umwambie, "Niliichukua mimi." Kisha nendeni wote wawili kwa yule mwenzake, na anayezungumza uwe wewe. Akipoteza kazi Alhamisi, atakuwa ameipoteza kwa uamuzi wake, na chumba cha kulala kwako anacho. Na mteja wa kwanza wa kesho mwambie mwanao anaukataa umoja, na kwa nini.

Atakasirika. Mwache akasirike. Usimtajie uchungu wa kumzaa wala ada za shule. Na usilie mbele yake, mama, maana ukilia wewe itabidi yeye aanze kukubembeleza, na leo si zamu yako.