Mwavuli Uliosimama Foleni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, nikiwa na matumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo wako vipi? Uliposema umeanguka kwenye ngazi ukivuta nyaya za umeme, Mama alikosa raha wiki nzima, akawa ananiuliza mimi ngazi yenyewe ilikuwa ndefu kiasi gani, utadhani ndimi niliyekushikia. Sisi huku tu wazima, ukiacha macho ya Mama, ambayo nitayafikia. Ningekupigia, lakini simu yetu unaijua, hukatika kila tunapofika penye maana, na haya ninayotaka kuyasema nikikatizwa sitaweza kuyaanza tena.

Ninaandika juu ya meza ya cherehani. Sare za shule zimenijaa hadi mlangoni na tangu asubuhi sijashona hata kola moja. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi. Mama yuko mbele yangu anachambua vifungo kwa kugusa, vya matundu mawili huku, vya manne kule. Ameshaniuliza mara mbili kwa nini miguu yangu haitulii.

Unanijua nilivyo. Jina la Rula ulinipa wewe, kwa sababu nilikuwa nalia viatu vikiachwa shaghalabaghala mlangoni. Ukubwani imezidi. Watu wa siku hizi wananimaliza, kaka. Kuna mtu dukani hubonyeza mikate yote kwa kidole gumba kisha ananunua biskuti. Kuna mwingine hukupumulia kisogoni, kama vile akikusogelea foleni itafupika. Juzijuzi posta nilimkuta bwana mmoja kakalia kiti, na mkoba wake umekalia cha pili. Nikamwuliza kama na mkoba nao umechoka. Hakucheka. Wala mimi sikuwa natania.

Sasa nikueleze ya Jumanne. Daktari wa macho huja kwenye zahanati yetu mara mbili tu kwa mwaka, na karani wake huandika majina arobaini, basi, anafunga daftari. Jicho la kushoto la Mama limeshafunikwa kabisa, na kwa la kulia anaona kivuli cha mtu, mtu mwenyewe hamwoni. Safari iliyopita aliambiwa mtoto wa jicho hajakomaa, arudi safari hii apasuliwe. Miezi sita yote alikuwa akiisubiri siku hiyo. Ile picha ya mwanao wa mwisho uliyotuma ameiweka chini ya mto; hataki nimweleze mtoto anafanana na nani, anasema ataiona mwenyewe.

Tulifika mapema, Mama akawa wa thelathini na kitu. Nikamwacha kasimama na fimbo yake, nikakimbilia duka la jirani kumtafutia maji na kitu cha kutafuna. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyeweka kikapu chake kaunta akarudi kutafuta sabuni, akaja, akaenda kubadilisha sabuni, akaja, akakumbuka viberiti. Aliyemfuata alikuwa anaongea na simu kwa spika, duka zima tukajua shemeji yake amehama bila kuaga, na muuzaji akimwuliza anataka nini, anamwinulia kidole asubiri. Nilipotoka mle nilikuwa natokota.

Mama nilimkuta benchi la nyuma, karibu na stoo. Mama mfagizi wa pale alimwona anayumba, akamshika mkono akamkalisha, na kwa vile foleni haisubiri mtu, akaacha mwavuli wake mwenyewe umshikie nafasi. Ndiyo desturi ya pale: ukichoka, unaacha chupa, kandambili, hata bahasha, na walio nyuma wanakisogeza kila foleni inaposogea. Lakini tulipomrudisha Mama, mwavuli haukuwapo. Kuna mtu aliutoa akautupa mtaroni, pengo likazibwa. Tulimsihi karani. Akauliza nani alikuwa mbele ya Mama na nani nyuma. Walikuwa wameshaingia ndani. Akasema kwa upole kabisa kwamba majina yametimia, turudi baada ya miezi sita.

Mama hakulia. Alisema tu, haya, twende nyumbani, akanishika bega kama anavyotembea siku hizi. Lakini tangu siku hiyo mtu yule tunaishi naye. Mama anamtaja akinywa chai, anamtaja akifunga kanga. Jana alisema, "Nimeshamsamehe. Ila ningependa kujua alikuwa na haraka ya kwenda wapi." Na leo, aliposikia nimeshika kalamu, akasema, "Mwandikie kaka yako habari za mtu huyo. Wewe unajua kuwasema watu."

Kaka, mtu huyo ni mimi.

Nilirudi kutoka dukani nikakuta foleni imepinda kona na Mama hayumo. Nikajiambia wamemhurumia kwa utu uzima wake, wamemwingiza. Kisha nikauona mwavuli wa mistari ya buluu umeegemezwa ukutani, nyuma yake mzee mmoja anatetemeka magoti. Nikauliza ni wa nani. Wa mbele alikuwa na visikilizio vya simu masikioni, hakunisikia, na mzee akasema ameukuta. Sikuuliza mara ya pili. Nikasema kwa sauti kwamba mwavuli hauumwi macho. Watu wakacheka, wengine wakanipigia makofi, nami nikautoa nje nikautupa. Nilijisikia vizuri sana, sikufichi. Nilikwenda kumtafuta Mama nikiwa natabasamu.

Mfagizi alipouliza mwavuli wake, nilitoka nikauleta, nikasema nimeuokota. Alinishukuru. Ubavu mmoja umevunjika na kitambaa kimechanika, nikaomba niutengeneze. Uko hapa kwenye cherehani. Nimeushona na kuufumua mara tatu, mshono unakwenda upande.

Sijui kwa nini naanza kukwambia wewe uliye mbali wakati yeye yuko hapa, hatua mbili kutoka nilipo. Labda nilitaka nijaribu kwanza maneno yanavyokaa. Sasa Mama amemaliza vifungo na anataka nimsomee barua yote, tangu salamu, nisiruke, maana anajua huwa naruka. Nitamsomea, kaka. Sitaruka.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mgongo uukande kwa maji ya moto. Salamu za Mama nimeziachia nafasi hapo chini, nitaandika atakachosema.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Rula

Kutoka kwa Mama: Amesikiliza hadi mwisho. Alicheka kidogo kwenye mkoba uliochoka. Baada ya hapo akawa anavigusa vile vifungo upya, vyote, ingawa alikuwa ameshavichambua. Kisha akauliza kama mwavuli uko tayari. Nikasema uko tayari ila mshono haujanyooka. Akasema leo utarudishwa hivyo hivyo kwa mfagizi, na ni mimi nitakayemwambia nani aliutupa. Salamu hakunipa. Lakini ameshavaa viatu, amesimama mlangoni na mwavuli kwapani, ananisubiri nimpe bega.