Baba na Mwanamieleka Aliyestaafu

Jumapili, Vwawa

Kumbe Baba anaweza kulia kwa ajili ya mtu wa kwenye televisheni. Mwanamieleka anayempenda tangu enzi za vibanda vya video kule Tunduma amestaafu leo. Alivua buti zake, akaziacha ulingoni, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi.

"Ndiye mkubwa kuliko wote," Baba akasema. "Amejua siku ya kuacha."

Daktari alishamkataza kupulizia dawa ya wadudu kahawa yake shambani kwa sababu ya kifua chake, lakini hasikii. Nikamuuliza, "Na wewe je, Baba?"

"Mimi atanipigia makofi nani?"

Nikasimama, nikampigia. Mama akatoka jikoni, naye akapiga bila kuuliza kwa nini. Baba akacheka mpaka akakohoa.

Hajasema kama ataacha. Ila nilipoaga, aliniambia nibebe ile pampu yake ya kupulizia kahawa, niende nayo kwangu.