Mlango wa Mashine ya Kasoli

Dar es Salaam, 8 Novemba 2021

Baba,

Mwangaluka. Kifua kinaendeleaje baada ya ile dawa? Na yule ndama aliyeteguka mguu, anatembea? Mimi ni mzima, ila situlii. Nakaa, nasimama, nafungua kompyuta, nafunga. Mwenzangu wa chumbani anasema nitamtobolea sakafu.

Shida ni huu utafiti wa shahada ya pili. Nataka kujua bei ya mafuta ikitikisika huko duniani, au benki kuu za mataifa makubwa zikipandisha riba na dola ikaadimika, mtikisiko ule unachukua miezi mingapi kufika kijijini. Bei za mafuta ghafi ninazo za kila siku. Riba ninazo. Bei za mijini ninazo. Za kijijini, mwezi kwa mwezi kwa miaka ishirini, hakuna ofisi hata moja iliyo nazo.

Jana nikiwa napiga mswaki nikakumbuka mlango wa mashine yetu ya kusaga. Kushoto unakwangua kwa msumari bei ya dizeli, kulia bei ya kusaga debe moja. Tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni unakwangua! Baba, nakuomba uninakilie mlango mzima kwenye daftari. Najua simu yako ya kitochi haipigi picha, na najua simuni unapiga kelele kama unaita ng'ombe. Kwa hiyo tuandikiane, Sylvester kondakta atabeba kwenye basi lake.

Mwanao,
Nyamizi


Kasoli, 29 Novemba 2021

Mayu Nyamizi, mwenye jina la mama yangu,

Mhola? Sisi mhola. Kifua kimetulia, magoti ndiyo yanayogombana. Ndama anatembea, ila kwa maringo.

Daftari hilo hapo. Kunakili kumenichukua siku tisa, kwa sababu mlango unafunguliwa na kufungwa watu wakiingia, na mimi nausogelea na miwani. Wateja wakauliza, Maige, unasoma nini kwenye mlango wako mwenyewe? Nikawajibu nausomea mtihani.

Kuhusu swali lako, ningekujibu bure. Mtikisiko unafika Kasoli siku ile ile Sylvester anaposhuka na kusema Bariadi sheli wamebadilisha bei. Lakini kama chuo kinataka miezi, wape miezi.

Sasa na mimi nina langu. Ndalahwa, mwenzangu wa mashine, ana hela ya pamba na anataka Januari tununue dramu nne za dizeli tuziweke, maana miezi ya njaa inakuja na mashine haipumziki. Mimi nasitasita. Wewe unasomea kupanda na kushuka kwa vitu hivi. Tununue au tungoje? Kaka zako wote wana maneno, lakini wewe ndiye tuliyekusomesha kwa mashine hii hii. Niambie, nami nitafuata.

Umeme nao, nguzo zimeletwa zikalazwa kando ya njia. Mbuzi wanazikalia.

Baba yako,
Maige


Dar es Salaam, 10 Januari 2022

Baba yangu,

Wabeja sana kwa daftari! Msimamizi wangu alilishika kwa mikono miwili, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Nilijisikia vizuri mpaka nikasahau kula. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mzee Ndalahwa. Magoti je? Uyapake mafuta ya moto, usiyaonee aibu.

Kitu kidogo tu. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Novemba, kushoto dizeli inapanda mpaka Agosti ndipo inalegea, lakini kulia bei ya debe iko pale pale. Nadhani ulisahau kuandika, mwaka ule mama alikuwa anaumwa na mambo yalikuwa mengi. Usijali, nimeijaza ile miezi saba kwa makadirio. Tunaita kusafisha takwimu.

Sasa swali lako. Nimeingiza mlango wako kwenye hesabu zangu pamoja na mafuta ya dunia na riba, na ninakutumia mchoro. Fuata mstari wa katikati. Unaonyesha dizeli itashuka kidogo kati ya sasa na Aprili. Kwa hiyo ngojeni, baba. Msinunue dramu nne kwa bei ya sasa. Mwambie Mzee Ndalahwa hela yake ikae.

Nimefurahi umeniuliza. Hujui nimefurahi kiasi gani.

Mwanao,
Nyamizi


Kasoli, 2 Februari 2022

Mayu,

Mhola. Barua ilifika, na mchoro ulifika haujakunjika. Nimeubandika kwenye mlango wa mashine, juu kabisa, pale ambapo msumari wangu haujafika. Watu wanakuja na debe kichwani, wanatua, wanaangalia. Milembe jirani yetu akatua debe lake akasema, zamani mfumu alikuwa anapasua kuku kuangalia yajayo, siku hizi binti ya Maige anapasua kompyuta. Tulicheka mpaka Ndalahwa akakohoa. Mimi mtu wa kigango sipendi maneno ya mfumu, lakini sitaficha kwamba nilivimba kichwa. Si sisi tu tunaongoja. Wenye pikipiki na wenye pampu za kumwagilia bustani nao wameacha kununua ya akiba.

Ila mchoro wako ulikuwa na uchafu. Kuna kivuli cha kijivu kinauzunguka ule mstari, mwanzo chembamba, mbele kinapanuka kama mdomo wa ngoma. Ndalahwa anasema mashine ya kuchapa ilivuja wino. Nikachukua mkasi nikakikata chote, nikabakiza mstari. Sasa unapendeza, hata mtoto anausoma.

Kuhusu 2008. Sikusahau. Mimi sijawahi kusahau mwezi hata mmoja kwenye mlango ule, na sikupenda kusikia umenijazia. Nitakueleza ukija. Si jambo la barua.

Baba yako,
Maige


Kasoli, 11 Aprili 2022

Nyamizi,

U mzima? Hii ni barua ya pili bila jibu. Nikipiga simu unasema salama baba, mtandao mbaya, halafu inakatika. Mtandao wa Dar ndio uwe mbaya kuliko wa Kasoli?

Vita vya huko mbali tumevisikia redioni. Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatangaza bei mpya za mafuta, nami nakaa na redio mapajani tangu alfajiri kama anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Machi ilipanda. Aprili imepanda zaidi. Ndalahwa alisikiliza na mimi, akanyanyuka bila kuaga. Mpaka leo hajakanyaga mashineni. Hela yake ya dramu nne sasa haitoi hata tatu na nusu. Watu wanaingia, wanaangalia karatasi yako, wanaangalia chini.

Siandiki kukulaumu. Naandika kwa sababu sijui unakula nini wala unawaza nini, na siwezi kukaa mahali pamoja. Nimeufagia uwanja wa mashine mara tatu leo.

Baba yako


Kasoli, 20 Juni 2022

Nyamizi,

Pamba imetoka vizuri. Sylvester anasema alikuona stendi ulipokuja kumpokea rafiki yako, umekonda. Andika hata mstari mmoja.

Baba


Dar es Salaam, 21 Agosti 2022

Baba,

Mwangaluka. Sijui hata kama nina haki ya kukuuliza afya yako, lakini nauliza. Kifua je? Magoti je?

Nimeona aibu, baba. Ndiyo ukweli wote. Simu yako ikiita nilikuwa naiangalia mpaka inyamaze, na siku nilizopokea nilidanganya.

Kile ulichokata kwa mkasi hakikuwa wino. Kilikuwa shaka yangu. Ule mstari ni pale ninapodhani bei itapita, na kile kivuli ni namna ninavyoweza kukosea, ndiyo maana kinapanuka kadiri tunavyokwenda mbele. Nilisoma barua yako ya Februari nikacheka, nikawasimulia wenzangu wakacheka, nikaiweka kwenye droo nikisema nitamwandikia Jumamosi. Ningekupigia siku ile ile, mngenunua hata dramu mbili. Jumamosi ikapita, na nyingine, halafu vita vikaanza. Na kosa halikuwa lenu. Mimi ndiye niliyekwambia fuata mstari wa katikati. Nilitaka nionekane najua.

Miaka miwili nasomea mitikisiko, na maana yake ya kwanza kabisa darasani ni jambo ambalo hakuna aliyeliona likija. Halafu baba yangu ananiuliza kuhusu kesho, nami najibu bila kumeza mate.

Kuna lingine. Oktoba natetea utafiti wangu. Mmoja wa wasahihishaji amezungushia ile miezi saba ya 2008 kwa kalamu nyekundu na kuandika: nani alikuambia bei hizi? Nilizitunga. Baba, niambie kilichotokea mwaka ule. Na niambie mwaka huu mashine imekuwaje, kaka zangu wote wananizungusha. Umeiuza? Mzee Ndalahwa amesema nini? Niambie hata kama ni baya. Nikiendelea kukisia peke yangu nitaacha chuo, na simaanishi kukutisha.

Mwanao,
Nyamizi


Kasoli, 9 Septemba 2022

Mayu Nyamizi,

Mhola, mwanangu. Leo nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu pamba. Barua yako nimeisoma mara nne, moja kwa sauti, Ndalahwa akiwepo. Amerudi. Nitafika huko.

Uliuliza 2008. Mama yako alilazwa Mwanza toka Machi, nami nilikaa naye. Shamba la pamba likabaki na magugu, na mashine nikamwachia Ndalahwa. Niliporudi mwezi wa tano kuchukua nguo nikakuta shamba limepaliliwa lote. Milembe na wanawake wenzake waliingia bila kuitwa, na pamba walikuja kuivuna wao, wakaipeleka kwenye mzani kwa jina langu. Hawakunidai hata maji ya kunywa. Ukiwauliza wanasema, wewe ulikuwa na mgonjwa. Sasa dizeli ikapanda, mwezi baada ya mwezi, nami kila mwezi narudi siku mbili tatu mashineni na kukwangua mlango. Wanawake wale wale wananiletea mahindi nisage. Ningewapandishia bei kwa mdomo gani? Nikasaga kwa bei ya zamani mpaka tulipomaliza arobaini ya mama yako, nikauza ng'ombe watatu kununua mafuta. Kushoto nikaandika dizeli ilivyokuwa, kulia nikaandika nilivyotoza. Ndiyo maana nilikasirika uliponijazia. Ulimfuta Milembe, na hukujua.

Lakini na mimi nilikata shaka yako kwa mkasi nikaitupa kwenye pumba. Kwa hiyo tusigombane.

Mashine sijauza. Ila mlango nimeung'oa, na utaupokea stendi Jumapili, uko kwenye buti la basi la Sylvester. Umefungwa kwa magunia ya pamba. Kila nikikunakilia unatengeneza, basi usome mwenyewe. Huyo msahihishaji wako naye mwonyeshe, aweke kidole chake humo. Mimi kwa sasa nimening'iniza turubai, na kuku wanaingia wanavyotaka. Fundi anaweka mlango wa bati wiki ijayo.

Karatasi yako bado iko juu ya mlango huo, sikuibandua. Ndalahwa alitaka kuichana ile siku ya Aprili, nikasimama mbele yake. Nikamwambia, ile karatasi niliibandika mimi. Watu waliacha kununua ya akiba kwa sababu waliiona kwenye mlango wangu. Siwezi kuweka neno la mwanangu nje ya mlango halafu ndani nikatoza bei nyingine. Akaniita mwendawazimu, akaondoka. Nikauza maksai wawili, yule mweupe na mwenzake wa madoa, nikanunua mafuta kwa bei ya kwenye redio. Julai Ndalahwa akaja na dramu moja kwenye mkokoteni, akaiteremsha, akaenda kuwasha mashine. Kulima mwaka huu tutatumia maksai wake.

Usiache chuo. Nani atanieleza kuhusu hizo riba na dola? Safari nyingine nikiuliza kuhusu kesho, niletee na kile kivuli, nitakibandika chote. Milembe anasema hata mfumu akiona kuku hasomeki anarudisha kuku wa watu.

Mlango ukiusimamisha, anzia juu ushuke. Ukifika Machi hadi Julai ya mwaka huu utaona kushoto dizeli inapanda, kulia bei ya debe iko pale pale pa Januari, kama vile dizeli imefuata mstari wako. Hapo napo usijaze.

Sylvester akikudai nauli ya mzigo, nimeshamlipa.

Baba yako,
Maige